Uzi wa Soli

Siku fundi viatu alipomwita binti yake mwoga mbele ya shule mbili, hakuwa amelewa wala hakuwa na homa. Alikuwa na akili zake timamu, amevaa shati lake la kutokea, na ile sauti yake ambayo siku nyingine huwaitia wateja kutoka ng'ambo ya barabara ilivuka kiwanja chote.

"Mazoezini simba, kwenye mechi paka! Mwoga wewe! Rusha mpira kama mtu!"

Wachezaji waligeuka. Walimu waliokaa kwenye viti vya plastiki waligeuka. Hata mwamuzi, mzee mwenye koti jeupe, alisitisha mchezo akamwangalia kama anayeangalia mbuzi aliyeingia uwanjani. Mtu pekee ambaye hakugeuka ni Njiti, binti mwenyewe. Aliupangusa mpira kwenye suruali yake, akarusha mipira miwili iliyobaki katika zamu yake, na yote miwili ikapigwa mpaka nje ya kamba ya mpaka.

Aliitwa Njiti kwa sababu alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kiasi kwamba baba yake aliapa angeenea kwenye boksi la viatu. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, amempita baba huyo kwa kichwa kizima, na jina limebaki palepale. Katika timu ya kriketi ya wasichana wa shule yake kazi yake ilikuwa kurusha. Hakuwa na mbio wala nguvu. Alikuwa na vidole. Aliuzungusha mpira wakati unatoka mkononi, nao ukitua chini ukajikunja upande ambao mpigaji hakuutegemea, ukampita yeye na gongo lake, ukaangusha vile vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, na mpigaji akatolewa. Hayo yalikuwa ya mazoezini. Siku ya mechi, kwa vidole vilevile, mpira ulitua ukaenda moja kwa moja kama mtoto aliyetumwa dukani, na wapinzani wakaupiga walikotaka.

Hiyo ilikuwa mechi ya nne ya msimu na kichapo cha nne. Wenzake walikuwa wamepiga vizuri, kama walivyopiga vizuri mechi zote, wakakusanya mikimbio, ndizo alama za kriketi, ya kutosha. Ikaja zamu yao ya kurusha, na yote ikavuja. Mechi ilipokwisha Njiti aliwapa wapinzani mkono, mmoja mmoja, akabeba begi lake, akarudi nyumbani hatua ishirini nyuma ya baba yake, njia nzima.

*

Mke wa fundi alikuwa dobi wa hospitali. Siku nzima alisimama kwenye mvuke akifua mashuka, na jioni ile habari ilimfikia kabla hajavua viatu, kwa sababu jirani alimsubiri mlangoni.

"Baba Njiti, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Usinijibu swali kwa swali. Umemwita mtoto mwoga mbele za watu?"

"Nilikuwa nampa moyo."

"Moyo gani huo unaotolewa kwa matusi?"

"Mama Njiti, mtoto hajengwi kwa kubembelezwa. Akianguka ainuke mwenyewe. Hata soli haishiki bila kugongwa nyundo."

"Mwanangu si soli."

Njiti alikuwa ameinamia karai akifua soksi zake. "Nilimwambia baba," alisema bila kuinua kichwa. "Nilimwambia siku ya mechi mpira unaniteleza. Haukamati vidoleni."

"Nami nikakwambia huo ni woga," fundi alisema. "Woga hutoa jasho mikononi. Jasho ndilo linaloteleza."

"Ndiyo, baba."

Kabla ya siku hiyo Njiti hakuwa mtu wa "ndiyo, baba" peke yake. Kila alipotoka mazoezini alipitia kibanda cha viatu, akakaa kwenye benchi la wateja, akamsimulia baba yake mpira kwa mpira: huu ulimpita fulani hivi, huu ulimpita fulani vile, huku fundi akishona na kucheka na kujigonga kidole kwa nyundo. Sasa alipita ng'ambo ya barabara. Nyumbani akawa na maneno matatu tu: shikamoo baba, ndiyo baba, hapana baba. Adabu tele, na hakuna kitu kinachomkata mzazi maini kama adabu ya namna hiyo. Fundi aliumia. Lakini alikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba baba akimwomba mtoto radhi anawaharibu wote wawili, kwa hiyo akaumia kimya na kuziita hasira za mtoto upuuzi.

*

"Kesho" ya fundi ilijulikana mtaa mzima. Kazi yake ilikuwa safi, haifumuki, hilo hakuna aliyebisha; ila kila ukiuliza kiatu chako, jibu ni moja. Karani mmoja mstaafu alikuwa na kiatu chake cha kahawia pale kibandani kwa wiki ya tatu sasa, na kila asubuhi alikuja kukijulia hali.

"Fundi, mgonjwa wangu vipi?"

"Kesho, mzee wangu."

"Kesho ya mwaka gani?"

Ndipo alipofika mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye aliyekuwa akiifundisha timu. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, aliyejifunza kriketi kwenye semina ya wiki moja, akarudi na filimbi, kitabu na matumaini makubwa. Alitoa mpira kwenye mkoba.

"Fundi, nimekuja na kazi. Huu ni mpira wa mechi. Siku ile ya mechi uligonga ukingo wa saruji ukaachia mshono, mwamuzi akaniachia. Ushone kama ulivyotushonea ile mingine, tuutumie mazoezini."

"Mwalimu, kwa hilo hutasikia kesho."

Mipira ya mazoezi ya shule aliishona bure tangu msimu unaanza, na alijisifia jambo hilo kwa kila aliyekaa kwenye benchi lake. Ilimfikia ikiwa hoi, ngozi imechakaa kama kisigino cha mkulima, nyuzi zimeoza zote. Yeye akaishona upya kwa uzi wa soli, ule mnene, uliokunjwa mara mbili na kupakwa nta, kwa sababu huo ndio uzi wake na hiyo ndiyo heshima yake. Tangu hapo hakuna mpira uliofumuka.

Mwalimu alipoondoka, fundi aliushika ule mpira wa mechi. Ulikuwa umeachia sehemu ndogo tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Akapitisha dole gumba juu ya mshono. Akarudia. Akauweka chini, akachukua mmoja wa ile iliyokuwa ikisubiri kuongezwa nta, mpira wake mwenyewe, akapitisha dole gumba.

Mshono wa mpira wa mechi ulikuwa mwembamba, umelala juu ya ngozi kama mshono wa kiatu cha bibi harusi. Wake ulikuwa umesimama kama kamba ya kuanikia nguo.

Fundi hakuwa mtaalamu wa kriketi, ila mikono yake ilijua vitu. Aliujaribu wa kwake: akauzungusha kwa vidole viwili, akautupa kwenye sakafu ya udongo ya kibanda. Mpira ulitua, ule mshono ukang'ata ardhi, ukaruka pembeni ukagonga kopo la misumari. Akautupa wa mechi vilevile. Ulitua ukaenda moja kwa moja mpaka miguuni mwa karani.

"Fundi, umeanza kriketi na wewe?" karani aliuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

"Si kitu, mzee wangu."

Lakini kilikuwa kitu. Msimu mzima binti yake alikuwa akifanya mazoezi na mpira usiokuwepo popote duniani isipokuwa kwenye kibanda hiki. Vidole vyake vimejifunza kukamata kamba. Siku ya mechi anapewa uzi, na vinateleza. Alikwenda akamwambia baba yake hivyohivyo, kwa maneno yaleyale, na baba akamjibu kuwa ni jasho la woga. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na fundi alijiona ndiye yeye aliyekuwa nguoni mwa binti yake.

*

Mtu mwingine angefunga kibanda akaenda kumwambia mtoto. Fundi alifanya kama mafundi wafanyavyo wanapoharibu kiatu cha mteja: alirekebisha kimyakimya akaomba asigundulike.

Alimtumia mwalimu ujumbe kwamba anataka kuikagua mipira yote. Ikaletwa. Kwa siku mbili aliifumua na kuishona upya kwa uzi mwembamba wa viatu vya kike, akiulaza chini, akiupiga taratibu kwa mpini wa nyundo. Mmoja tu hakuufumua. Aliuweka kwenye boksi chini ya meza, na hakujiuliza kwa nini. Mipira ikarudi shuleni bila neno. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtoto atazoea mpira wa kweli, vidole vitajirekebisha, na hakuna atakayejua.

Siku ya kwanza ya mazoezi mipira ya Njiti ilienda moja kwa moja. Siku ya pili vivyo hivyo. Nahodha, msichana mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliipiga mipira yake saba mfululizo mpaka akaona aibu kuendelea. Mwalimu akapuliza filimbi.

"Njiti, pumzika kidogo, mwanangu."

"Sijachoka, Mwalimu."

"Najua. Pumzika."

Jioni hiyo Njiti alirudi nyumbani, akapasha pasi, akainyoosha fulana yake ya timu, mikono kwanza, kisha mgongo, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Unajiandaa mapema hivyo?" mama yake aliuliza. "Si mechi bado wiki mbili?"

"Namrudishia Mwalimu kesho saa kumi. Wampe mwingine." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililotisha. "Mwanzo nilikuwa nashindwa kwenye mechi tu. Nikasema basi, ni woga, baba kasema, nitauzoea. Nimejitahidi mama, wewe mwenyewe umeona. Kila nikipigwa narudi. Sasa hata mazoezini mkono umekufa. Si woga tena. Ni mimi tu, sina kitu."

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango polepole, kwa adabu.

Fundi alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakikuwa na chai tangu zamani. Mkewe alimtazama. Miaka kumi na minane ya ndoa ni shule, na yeye alikuwa amefaulu.

"Sema," alimwambia.

Akasema. Alimweleza uzi wa soli, mshono uliosimama, mpira wa mechi, na zile siku mbili za kufumua na kushona kwa siri. Alipomaliza, mkewe hakupiga kelele. Fundi alitamani apige.

"Kwa hiyo kwanza umemharibia bila kujua," mama alisema. "Halafu umemtukana. Halafu umejua, ukaficha, ukamharibia mara ya pili."

"Nilitaka kurekebisha."

"Ulitaka kujificha. Mficha maradhi, Baba Njiti, unajua mwisho wake."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Neno lilimtoka fundi lenyewe, kwa mazoea ya miaka. "Kesho."

"Kesho yako hiyo mpelekee karani!" Sasa mkewe alisimama. "Tena usimwambie hapa. Ulimtukana mbele ya watu, hutamwomba radhi chumbani. Utaenda palepale ulipotukania."

"Kiwanjani? Mbele ya watoto wa watu?"

"Sauti si unayo?"

*

Saa tisa na nusu fundi alikuwa kiwanjani na boksi la viatu kwapani. Wasichana walikuwa wakivaa pedi zao za kukinga miguu, zile alizozitia viraka kwa mkono wake, na walipomwona wakanyamaza. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, wakacheka. Aliyastahili hayo, akayapokea. Njiti alikuwa anakuja kutoka madarasani na fulana imekunjwa mkononi. Alipomwona baba yake alisimama.

"Mwalimu," fundi alisema, "naomba dakika mbili. Na wao wasikie."

Sauti ile ya kuvuka barabara ilikuwa imemkimbia, akaanza kwa kunong'ona, ikabidi nahodha amwambie, "Mjomba, hatusikii."

"Nimesema mimi si fundi." Akakohoa. "Ufundi ninao wa viatu. Wa mipira, nilijipachika." Akafungua boksi, akatoa mpira wa mshono mnene na ule wa mechi. "Huu ndio mliofanyia mazoezi msimu mzima. Huu ndio mnaopewa kwenye mechi. Shikeni."

Ikapita mkono kwa mkono. Akawaeleza yote, uzi na nta, mpaka alipofika mahali pagumu, na hapo akamgeukia binti yake.

"Mama..." Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita alipokuwa mdogo. "Uliniambia unateleza. Ulisema kweli. Nikasema ni jasho la woga, nikakutukana hapahapa, watu wamejaa. Nilipojua kosa ni langu nikanyamaza wiki nzima, nikashona kwa kujificha, wewe ukadhani mkono wako umekufa. Mkono wako mzima. Mwoga nilikuwa mimi. Nisamehe."

Mwalimu alivua miwani akaifuta. "Hata mimi sikujua," alisema taratibu. "Mipira ya mechi huja na mwamuzi na kuondoka na mwamuzi. Sijawahi kuishika zaidi ya dakika, na huu niliutia mkobani bila kuutazama."

Njiti alishika mpira mmoja kila mkono. Alivipitisha vidole gumba juu ya mishono, mara moja, mara mbili, macho ameyafumba. Fundi alimtazama kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

"Kwa hiyo halikuwa jasho," alisema Njiti.

"Halikuwa."

Kabla hajasema zaidi, nahodha aliupokonya ule mpira mnene. "Ngoja kwanza! Sisi wapigaji msimu mzima tunapigana na huu mdudu? Unaoruka kama chura?" Akawageukia wenzake. "Ndiyo maana kwenye mechi mipira ya watu tunaiona laini! Mjomba, huu usiufumue. Tuachie."

Wakaangua kicheko wote kwa pamoja, hata mwalimu. Njiti hakucheka, lakini alikunjua fulana yake akaivaa juu ya sare ya shule, ikiwa na mikunjo ya pasi vilevile.

"Mwalimu, naomba mpira mwembamba," alisema. "Nina wiki mbili."

Kwa baba yake hakusema kitu. Radhi si kiatu, hata fundi alijua, huwezi kuisimamia mlangoni ukadai upewe leo.

*

Mechi ya mwisho ilichezwa nyumbani. Mama Njiti aliomba ruhusa hospitalini, akakaa kwenye nyasi, mumewe upande mmoja na karani mstaafu upande wa pili. Kabla mchezo haujaanza alimpa mumewe pipi kubwa ya kumung'unya.

"Isitoke mdomoni mpaka mechi iishe."

Wenzake Njiti walipiga, wakakusanya mikimbio tisini na minne. Wapinzani wakaanza kuifuata. Njiti alipopewa mpira mara ya kwanza mipira yake miwili ilipigwa nje ya kamba, na watu wakaguna. Fundi aliuma pipi ikapasuka. Lakini wiki zile mbili Njiti alikuwa amerusha mpaka ngozi ya kidole ikachubuka, na kitu alichokipata kilikuwa kidogo: mpira mwembamba haukuruka kama chura, ulijikunja upana wa kidole tu. Alikuwa amejifunza kutosheka na upana wa kidole. Akauweka mahali palepale, tena na tena, bila papara, na mpigaji mmoja akachoka kungoja akapiga hewa. Vijiti chini. Baadaye mwingine.

Zamu ya mwisho ilimwangukia yeye. Mipira sita, na wapinzani walihitaji mikimbio sita washinde. Mpira wa kwanza ulipigwa mpaka nje ya kamba: mikimbio minne. Uwanja mzima ulimgeukia fundi, kana kwamba wanasubiri sauti. Yeye alijishika mdomo kwa mikono miwili.

Njiti aliupangusa mpira kwenye suruali. Wa pili haukupigwa. Wa tatu uliangusha vijiti. Wa nne ukawapa mkimbio mmoja, wakalingana. Wa tano ulikwama kwenye pedi. Wa sita ulitua mahali palepale, ukajikunja ule upana wa kidole, mpigaji akazungusha gongo kwa nguvu zake zote, na nyuma yake kikasikika kile kishindo kidogo cha mbao.

Sare.

Timu iliyokuwa imefungwa mechi nne ilishangilia sare kama waliochukua kombe, mpaka wapinzani wakaenda kumuuliza mwamuzi kama hesabu yao ilikuwa sawa. Nahodha alimbeba Njiti mgongoni. Mwalimu alipuliza filimbi bila sababu. Mama Njiti alilia waziwazi, na fundi, mwenye mdomo mtupu sasa, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

*

Kesho yake asubuhi karani alifika kibandani kwa mazoea, akakabidhiwa kiatu chake cha kahawia, kimeshonwa, kimeng'arishwa. Alikigeuza juu chini, akamtazama fundi kwa mashaka.

"Unaumwa?"

"Nenda zako, mzee wangu."

Alipoondoka, benchi lililia. Fundi aliinua macho. Njiti alikuwa amekaa, miguu mirefu imefika katikati ya kibanda, anavua raba yake ya kulia. Soli ilikuwa imeachia mbele, pale anapokanyaga wakati wa kurusha.

"Fundi," alisema, uso mkavu. "Hii lini itakuwa tayari? Na usiniambie kesho."

Fundi aliipokea. "Kaa, naifanya sasa hivi." Akanyoosha mkono kwenye kopo la nyuzi, akasita. "Nitumie uzi gani, mama?"

"Ule wako wa soli," alisema Njiti. "Hapa ndipo mahali pake."

Fundi akakata uzi mrefu, akaukunja mara mbili, akaupaka nta. Njiti akaegemea ukuta, akanyoosha mguu wenye soksi, akaanza kumsimulia mechi yote kuanzia mpira wa kwanza, kana kwamba baba yake hakuwepo. Fundi akashona na kucheka, akajigonga kidole kwa nyundo, na ile kazi ya robo saa ikamchukua asubuhi nzima.